Fundi Aliyeonja Vikombe vya Watu

Kosa la kwanza ni langu, na afadhali niliseme mwenyewe mapema, maana akilisema Kabanyana nitatoka mbaya kuliko nilivyo. Ilikuwa Jumatatu, kwenye kibanda chake cha chai hapa Misiera, kambi ya wakimbizi ya Nakivale, watu saba tumebanana kwenye mabenchi mawili. Fundi Onesphore akaingia na futi yake ya kupimia nguo shingoni, akasalimia, akachukua kikombe changu, akapiga funda moja dogo, akanirudishia. Akaenda kwa jirani yangu, funda moja. Ndivyo alivyozoea. Mimi mdomo wangu haujui kukaa, nikasema: "Jamani, huyu fundi anaonja vikombe vyote vya Misiera. Siku akiruka kimoja, mwenye kikombe aagize sanduku la kuzikiwa."

Watu walicheka mpaka chai ikamwagika. Onesphore naye alicheka. Nikajiona mtu wa maana.

Basi, mzaha ule ukaanza kutembea. Jumanne ulikuwa sokoni, bila kicheko. Alhamisi ulikuwa umefika Kabazana, kule wanakopokelewa wageni, na watu ambao hawajapewa hata kiwanja cha kujengea walikuwa wameshaonywa wasinywe kitu karibu na fundi Mrundi wa Misiera. Jumamosi nilisimuliwa mzaha wangu mwenyewe, kwa sauti ya chini, na mtu aliyeapa kwamba kuna maiti tayari.

Mimi naishia hapo. Yaliyobaki ni ya Kabanyana, na nayatoa kama alivyonipa.

Kabanyana ni mjane wa miaka hamsini na moja, mtu wa milima ya Kivu ya Kusini, mtu wa ng'ombe tangu kuzaliwa. Bintiye Umuhire anafanya kazi Kampala, amemwachia mjukuu wa miaka minne, Ishema. Wiki ile ya mzaha, Kabanyana alikuwa na jambo moja tu kichwani: Onesphore alikuwa amemwomba amuoe. Onesphore naye ni mjane, cherehani yake iko ng'ambo ya barabara, ukipiga chafya huku anakuombea afya kule. Kabanyana alikuwa amemwambia, "Unipe mpaka Jumapili ya mwisho wa mwezi nikujibu." Mchungaji wake alishakohoa mara mbili kuhusu kuolewa na Mkatoliki, naye akajifanya anadhani mchungaji ana mafua.

Na ule uonjaji, kusema kweli, ulikuwa umempendeza. Onesphore alikuwa akionja kikombe chake, anafumba macho kidogo, anasema, "Leo tangawizi imelala," halafu anampa kwa mikono miwili. Tangu mume wake afe hakuna mtu aliyegusa kikombe chake. Ishema naye alishazoea. Maziwa yakimiminwa, mtoto anavuka barabara na kikombe, "Babu, onja!" na bila Babu kuonja hanywi, hata umbembeleze kwa wimbo.

Halafu mzaha ukamrudia kupitia kwa kaka yake mkubwa, Rugamba, ambaye humwita Yaya. Rugamba ni mchungaji wa ng'ombe, maneno yake ni machache na yote ameyanoa.

"Dada, ule mutu anaweka nini mu vikombe ya bantu?"

"Anaweka mudomo, Yaya."

"Na mu mudomo muko nini?"

"Meno. Yaya, ile ni desturi yabo. Barundi banaonja kwanza."

"Nani anaonja?" Rugamba akasimamisha fimbo yake katikati ya miguu. "Mwenye kukaribisha ndiye anaonja, mugeni aone hakuna sumu. Hata sisi tunajua ile. Lakini hapa mwenye chai ni wewe. Yeye ni mugeni. Mugeni anaonja juu ya nini?"

Kabanyana akapangusa meza iliyokuwa tayari safi.

"Mutoto aliumwa tumbo mara ngapi huu mwezi?"

"Mara mbili. Batoto banaumwa tumbo, Yaya."

"Na muke ya ule fundi alikufa na nini?"

"Malaria."

"Nani alisema ni malaria?"

"Yeye."

"Eeeh," alisema Rugamba, akainuka. "Akigusa tena kikombe cha mutoto, nitamupeleka Ishema kwangu kwa ng'ombe. Na wewe, ukitaka kuolewa, uolewe. Lakini uangalie."

Kabanyana akaanza kuangalia. Na ukishaanza kuangalia, mambo ya kuona hayakosekani. Aliona kwamba Onesphore hamezi mara moja. Anaweka chai kwenye ncha ya ulimi, anatulia, kama mtu anayehesabu, pumzi nne au tano, ndipo anameza na kusema, "Haya, kunywa." Aliona kwamba kikombe kikiwa na mfuniko, anafunua. Aliona kwamba muuza mkaa, ambaye waligombana naye juu ya suruali iliyoharibika, kikombe chake hakiguswi hata siku moja. Hapo alikaa usiku mzima anageuzageuza. Kama fundi anaweka kitu, angeanza na adui yake. Kama anakinga watu, anawakinga na nani? Na kwa nini adui anaachwa ajinywee?

Asubuhi akamwita Natanaeli.

Natanaeli ni kijana wa kanisani kwao aliyetoka Mbarara kwenye mafunzo ya wiki tatu ya kusikiliza watu wenye mawazo mengi. Alirudi na cheti, daftari, na namna mpya ya kuinamisha kichwa ukiongea naye.

"Mama Umuhire," alisema, "mu mafunzo balitufundisha hivi. Mutu mukubwa, tabia yake, vile anapenda, vile anaogopa, mingi inatoka mu utoto. Vitu ya miaka ya kwanza haviishe. Vinashuka chini, mutu anavisahau, lakini vinaendelea kumutuma."

"Kumutuma namna gani? Kama bosi?"

"Kama bosi asiyeonekana."

Kabanyana akafikiri. Akakumbuka ng'ombe. "Nilikuwa na ng'ombe, jina lake Gaju. Akiwa ndama alianguka mu mutoni, tukamutoa na kamba. Mpaka anazeeka, maji ya kufika kwato tu, alikuwa anazunguka kilima kizima."

"Ndiyo ile, mama! Bazungu baliandika vitabu kumi juu ya ile ng'ombe." Natanaeli akachekelea, halafu akakumbuka kuinamisha kichwa. "Tofauti ni moja. Gaju alijua anaogopa maji. Mutu hajui. Yeye atakuambia anapenda tu kuzunguka kilima."

Maneno hayo yalimwingia Kabanyana kama mwiba mdogo, wa kuhisi bila kuuona.

"Sasa fundi anazunguka kilima gani?"

"Ule unamuuliza yeye. Umuulize utoto wake, polepole." Natanaeli akatazama meza. "Na wewe, mama, samahani. Juu ya nini kila kikombe cha hapa kiko na mufuniko?"

"Inzi."

"Hata sukari iliyofungwa mu karatasi?"

"Natana, kunywa chai yako uende."

Lakini alipoondoka, Kabanyana alitazama mifuniko yake. Mama yake, kule milimani, alikuwa anafunika kibuyu cha maziwa kila mgeni akitokea mlangoni, maana kuna macho, alisema, yakitazama maziwa ng'ombe anakauka. Kabanyana akiwa mdogo, kazi yake ilikuwa kukimbia na vifuniko. Hakuwahi kumuuliza mama yake ni macho ya nani. Alijifunza kwamba ni ya kila mtu.

Siku iliyofuata alivuka barabara na blauzi isiyo na tatizo lolote, akasema inambana.

"Inakubana wapi?" Onesphore aliuliza, anaitazama. "Niliishona mwenyewe, Mama Umuhire. Hiyo ingembana tembo tu."

"Basi nipanulie, huenda natarajia kuwa tembo." Akakaa kwenye kigoda. "Fundi, ulikuwa mtoto wa namna gani?"

"Mnene."

"Mnene? Burundi, miaka ile?"

"Nilikuwa nakula kwenye harusi. Harusi, ubatizo, mazishi, nilikuwepo. Wenzangu nyumbani wanakula mihogo, mimi niko na nyama." Akacheka, akakata uzi kwa meno.

"Nani alikuwa anakupeleka?"

"Babu."

"Alikuwa mtu gani, babu yako?"

"Mtu wa kunywa," alisema Onesphore, akaweka mguu kwenye pedali. Cherehani ikalia. Ikalia sana, mkono unageuza gurudumu, sindano inapanda na kushuka, na Kabanyana alipotazama vizuri aliona kwamba chini ya sindano hapakuwa na nguo.

Hakuuliza tena. Jumatano alifunga kibanda, akamwacha Ishema kwa jirani, akaenda Mbarara.

Dada mkubwa wa Onesphore, Fébronie, ni mpishi katika nyumba moja ya Kamukuzi, juu kwenye kilima, nyumba yenye ua na mbwa asiyefanya kazi. Kabanyana alibeba chupa ya samli kama zawadi na uongo mdogo kwamba alikuwa anapita tu. Hakuna anayepita tu Kamukuzi akitokea Nakivale, lakini Fébronie alikuwa na furaha kubwa mno hata hakuligundua hilo.

"Wifi yangu! Ingia jikoni, madam ametoka. Huyu kaka yangu amepata bahati wapi? Na uso ule!"

Akammiminia maji ya matunda, akaonja kwanza, akampa. Kabanyana akashtuka, kikombe kikabaki hewani.

"Na wewe?"

"Na mimi nini? Kwetu mwenye kukupa anaonja. Wewe mtu wa milimani si unajua?"

"Najua. Lakini Onesphore haonji kama mwenye kukupa. Anaonja chai yangu mimi, mu kibanda changu. Anaonja ya kila mutu."

Fébronie aliacha kumenya ndizi. Kisu kikalala juu ya ganda.

"Bado anafanya?"

"Bado. Tangu lini?"

Fébronie alienda kufunga mlango wa jikoni, ingawa ndani ya nyumba hapakuwa na mtu. Akarudi, akakaa karibu. Kabanyana alivyonisimulia, wakati huo ndipo alitamani kurudi nyumbani bila kujua kitu. Lakini nauli alishalipa.

"Babu yetu alikuwa na kesi za mashamba na kila mtu," Fébronie alisema. "Hakuamini pombe ya mtu yeyote. Mwenye nyumba akionja, yeye anasema, huyu amekunywa dawa ya kujikinga kabla. Kwa hiyo alitafuta mtu wake wa kuonja. Onesphore alikuwa na miaka mitano, au sita. Anakaa kwenye magoti ya babu, anapewa mrija, anavuta kidogo. Babu anangoja. Mtoto akisema 'tamu,' babu anakunywa."

"Mutoto?" Kabanyana alishika kifua. "Na kama iko na sumu?"

"Ndiyo sababu alikuwa mtoto, wifi. Kwa mtoto inaonekana haraka." Fébronie alisema hivyo bila kupandisha sauti. "Na yeye alipenda. Katika wajukuu kumi na moja, ni yeye peke yake aliyepakatwa. Hatukuwa tunajua ni kazi. Tulikuwa tunaona ni mapenzi."

"Halafu?"

"Halafu siku moja babu alimpiga mama yetu. Vibaya. Mbele yetu, kwa sababu ya chumvi. Kesho yake kulikuwa na harusi, akamchukua Onesphore kama kawaida. Na mimi nilienda, kubeba kiti. Mtoto akavuta mrija. Akangoja. Akasema, 'Tamu, Babu.' Babu akanywa mtungi karibu nusu. Siku ya tatu tukamzika."

Nje mbwa alibweka mara moja, kama aliyekumbuka kazi yake, akaacha.

"Labda aliumwa tu," alisema Kabanyana.

"Labda. Wengine walisema ini. Wengine walisema mtoto ana damu ngumu, sumu haimpati, wakaanza kumuogopa. Shangazi mmoja alikuwa hampi chakula kwa mkono, anamwekea chini." Fébronie akachukua ndizi nyingine, akaiangalia, hakuimenya. "Kuna kitu sijamwambia mtu. Baada ya kusema 'tamu,' alishuka magotini, akaenda nyuma ya nyumba. Nilimfuata. Nilimuona anatema. Hakuwa amemeza, wifi. Aliiweka mdomoni muda wote ule."

Kabanyana alisikia ncha ya ulimi wake mwenyewe ikiwa baridi. Pumzi nne au tano.

"Alijua?"

"Mtoto wa miaka sita anajua nini?"

"Mimi nakuuliza wewe."

"Na mimi najijibu hivyo tangu miaka arobaini. Tangu siku ile hakuacha. Yangu alionja, ya mama alionja, ya mke wake, Mungu amrehemu, alionja mpaka kitandani. Usimwambie nimekuambia."

Kabanyana alirudi Nakivale na samli yake haikumnunulia amani yoyote. Alishuka Misiera, hata nyumbani hakufika, akamtafuta Natanaeli, akamkuta anapaka matope ukuta wa jiko la mama yake. Akamwambia yote, bila kutaja majina. Natanaeli, ambaye si mjinga, aliyajua majina yote.

"Kitabu chako kinasema nini?"

Kijana alifuta mikono kwenye suruali. "Mama, kinasema mutu wa vile, huenda roho yake inatengeneza kile kiliharibika. Kila kikombe anaonja, ni kama anarudi kwa ule mutungi, mara hii afanye vizuri. Anabakinga bale anapenda. Bale hapende anabaacha."

Muuza mkaa, alifikiri Kabanyana. Moyo ukapanda kidogo.

"Ao," alisema Natanaeli.

"Ao nini?"

"Ao kile kilifanyika mu utoto, mutu anakirudilia. Bila kupenda. Anatafuta kukaa tena pale katikati, kikombe mu mukono, yeye peke yake anajua kama ni tamu."

"Kitabu kimoja kinasema yote mbili?"

"Kimoja."

"Na wewe balikupa cheti juu ya ile?"

Natanaeli akainamisha kichwa, safari hii kwa aibu ya kweli. "Balisema ukitaka kujua ni gani, unamusikiliza mutu mwenyewe."

Jumamosi ya mwisho wa mwezi ikafika, kesho yake ndiyo Jumapili ya jibu. Saa kumi jioni, jua bado kali, mabenchi yalikuwa matupu. Tangu mzaha wangu wateja walikuwa wanabeba chai kwenda kuinywa mbali. Rugamba alikuwa amesimama upande wa pili wa barabara na baiskeli, akijifanya anatazama tairi. Begi dogo la nguo za Ishema lilikuwa limeshafungwa nyuma ya baiskeli. Kabanyana ndiye aliyelifunga mwenyewe, halafu akalifungua, halafu akalifunga tena.

Onesphore akaja. Alikuwa amevaa shati jipya, bado lina alama ya chaki kwenye kola. Akakaa. Kabanyana akamimina vikombe viwili, wala hakuvifunika.

Fundi akanyoosha mkono kuelekea kikombe cha Kabanyana. Kabanyana akauweka wake juu yake, polepole, kama mtu anayetuliza ndama.

"Kwanza tuongee. Nilienda Kamukuzi."

Mkono chini ya mkono wake haukutoka, lakini alisikia umebadilika uzito.

"Fébronie anaongea sana," alisema Onesphore.

"Anaongea kidogo. Miaka arobaini, maneno kumi. Fundi, mimi sikuulizi kama uliua mutu. Ulikuwa mutoto, na bale baliokupakata ndio bako na kesi kwa Mungu. Hata kama ulijua, sijui mimi ningefanya nini mbele ya mutu alimupiga mama yangu." Akatazama begi nyuma ya baiskeli. "Lakini kesho natakiwa kukujibu. Na kila siku unaonja maziwa ya mutoto wangu. Nataka kujua ni nani anaonja. Ni ule anakinga, ao ni ule alisema tamu?"

"Mama Umuhire..."

"Kitu kimoja tu. Ile pombe ilikuwa na ladha gani?"

Onesphore alifumba macho. Kabanyana alimwona ulimi ukisogea ndani ya shavu, kama unaotafuta kitu kilichoachwa pale zamani. Pumzi moja. Mbili. Aliona, au alidhani ameona, uso wa mtoto mnene kidogo, umekaa mahali pa juu, unatazamwa na watu wote. Tatu. Nne. Ng'ambo ya barabara Rugamba aliacha kutazama tairi.

Tano. Macho yakafunguka. Hayakumtazama yeye. Yalitazama chai.

"Niambie uongo basi," alisema Kabanyana kwa sauti ya chini. "Hata uongo nitasikia."

Ndipo Ishema akatokea ndani, kikombe cha maziwa kwa mikono miwili, anatembea kwa hatua ndogo ndogo asimwage. Alipita kando ya bibi yake. Alipita kando ya benchi. Akasimama mbele ya magoti ya fundi, akainua kikombe juu kadiri mikono ilivyofika.

Onesphore hakunyoosha mkono. Kabanyana hakusema ndiyo, hakusema hapana. Rugamba alikuwa ameshaanza kuvuka barabara.

Mtoto alingoja. Maziwa yakatetemeka ukingoni.

"Babu," alisema, "onja basi."